Tupeane uzoefu: ni apdeti imeleta balaa, au mashine yenyewe imechoka?

Wakuu, heshima mbele. Juzi laptopu iliniomba kujiapdeti, nikaikubalia nikaenda kulala. Asubuhi naikuta imeganda asilimia 30, mara inajizima, mara inaanza upya. Kutwa nzima nikailaani apdeti. Jioni nikaingia kwenye BIOS, ile programu ndogo ya mashine inayowaka kabla ya Windows: diski haimo kwenye orodha. Nikazima, nikawasha, imo. Nikarudia, haimo.

Hapo nikajua nimemsingizia asiyehusika. BIOS haina habari na Windows wala apdeti zake. Ikishindwa kuiona diski, mgonjwa ni diski au inapochomekwa. Nadhani ilikuwa inakufa kimyakimya, kwa kuwa siku za kawaida nafungua barua pepe tu. Apdeti ikaja kuandika mafaili maelfu kwa mkupuo, diski ikazidiwa.

Nyie wenzangu mlitofautishaje?

Kibodi Kavu
Yangu kinyume chake. Sauti ilipotea baada ya apdeti, nami nikaamua spika zimeungua. Nikanunua za nje, kimya vilevile. Jamaa yangu akanipa flashi yenye Linux, mfumo mwingine usio Windows, tukawasha kompyuta kupitia hiyo flashi bila kuinstoli kitu. Muziki ukalia! Kumbe spika hazikuwa na kosa, draiva mpya, yaani programu inayoiunganisha Windows na kifaa cha sauti, ndiyo ilikorofisha. Kurudisha ya zamani hata dakika tano hazikuisha. Spika za nje zipo kabatini, sitaki kuziangalia.

Saa Mbovu
Mimi nilikuwa na kompyuta ya mezani, apdeti zinagoma kila siku na kila tovuti inadai si salama. Nikafuta Windows na kuiweka upya mara 2, wapi. Siku moja mtoto akaniuliza, "Mbona kompyuta yako inasema ni mwaka 2015?" Betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu kwenye ubao mama, ilikuwa imekwisha, kwa hiyo nikichomoa umeme saa inarudi nyuma. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwa mashine yangu karibu vyote vilikuwa havijazaliwa.

Fundi Bisibisi
Nikiletewa mashine huwa nauliza jambo moja kwanza: inasumbua kabla Windows haijaanza kuwaka, au baada? Mistari kwenye kioo ikionekana hata ndani ya BIOS, achana na draiva. Chomeka skrini nyingine. Kule pakiwa safi, shida ni kioo au waya wake.

Skrini ya bluu, ile inayotokea Windows ikianguka, ndiyo inawachanganya wengi. Ikirudia ujumbe uleule na kutaja faili moja la draiva, mara nyingi ni programu. Ikija na ujumbe tofauti kila mara, nashuku RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Naiacha MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha, na kosa hata 1 linatosha kunifanya nichomoe vipande nipime kimoja kimoja.

Mpita Njia
Pia angalia kama ni wewe peke yako. Tarehe 19 Julai 2024 mashine za Windows zipatazo milioni 8.5 zilianguka kwa faili moja bovu la apdeti ya CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta. Zikianguka nyingi kwa pamoja namna hiyo, bisibisi ya nini?

Fundi Bisibisi
Mwanzisha mada, umeshasoma SMART, ile ripoti ya afya ya diski yenyewe, ya hiyo diski? Na inagonga "tk tk tk"? Kama inagonga, usiipime kwanza. Okoa mafaili.

Mwanzisha mada
Inagonga, mkuu. SMART inaonyesha sekta zilizohamishwa, yaani sehemu mbovu ambazo diski imezibadilisha kwa za akiba: jana zilikuwa 280, leo 312. Picha nimeshazihamisha, imebaki folda ya kazi. Nimeizima ipoe, nitajaribu tena usiku.