Kuacha tu kufanya kitu kunakuwaje kosa la jinai?

mtoto_wa_iringa: Wakuu habari za jioni. Niko mwaka wa kwanza sheria, hii mada ya actus reus (yaani kitendo chenyewe cha kosa) imenikaba. Tumefundishwa jinai inataka kitendo pamoja na nia ovu, halafu lekchara huyo huyo anasema hata kutotenda kunahesabika kama kitendo. Sasa nikiwa Coco Beach nikaona mtoto nisiyemjua anazama, kuogelea najua, nikapita zangu, nimeua? Na mama yake aliyekuwa pembeni anachati je?

wakili_kijana: Wewe hujaua mkuu, mama ndo ana kesi ya kujibu. Kinachowatofautisha ni wajibu. Soma Kanuni ya Adhabu ya hapa Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 195: unaweza kuua bila kukusudia kwa kitendo au kwa kuacha kutenda, ila huko kuacha lazima kuwe ni uzembe wa kutotimiza wajibu wa kulinda uhai au afya ya mtu. Wajibu wenyewe uko 206 mpaka 210, kuna anayemtunza mtu asiyejiweza kwa umri au ugonjwa, mkuu wa familia kwa mtoto wa chini ya miaka 14, mwenye kitu cha hatari mkononi na wengineo. Mpita njia humkuti humo.

Bi Mkubwa wa Tanga: Na mtoto wa kuletewa je? Maana huku mitaani watu wanawanyima chakula watoto wa wenzao, ukiwauliza wanasema sikumzaa mimi.

wakili_kijana: Shkamoo mama. Hiyo haimuokoi mtu. Uingereza 1918 kesi ya Gibbins na Proctor, baba na mwanamke aliyekuwa anaishi naye walimnyima chakula mtoto wa miaka 7 mpaka akafa. Mwanamke hakuwa mama yake ila alikuwa anapokea hela ya matumizi ya nyumba, maana yake amebeba malezi, wote wawili wakatiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia. Hata ajira inakubebesha wajibu, Pittwood 1902 alikuwa analinda geti la reli, akaenda kula akaliacha wazi, treni ikagonga mkokoteni mtu akafa. Akajitetea eti mkataba wake ni na kampuni tu, jaji akakataa.

Msomi_Kigoma: Naongezea, wajibu peke yake hautoshi, lazima kifo kiwe kimetokana na huko kuacha. Kesi ya Morby 1882, Uingereza pia, baba alikataa kumpeleka kwa daktari mtoto mwenye ndui kwa sababu za imani, ila daktari shahidi hakuweza kusema kwamba angetibiwa angeishi, baba akaachiwa. Hapa ndo wanafunzi wengi wanapodondosha maksi.

mtoto_wa_iringa: Asanteni sana. Ila kwangu mimi kumwacha mtoto azame huku unaangalia ni uovu kabisa, sheria inamwachaje mtu kama huyo?

Msomi_Kigoma: Nakuelewa na mimi naumia hapo hapo. Ufaransa kifungu cha 223-6 cha kanuni yao ya adhabu kinampeleka jela hata miaka 5 anayeacha kumsaidia mtu aliye hatarini wakati angeweza bila kujihatarisha, sisi tumerithi mtazamo wa Kiingereza. Lakini usiseme mpita njia yuko huru kwa kila kitu, mtoto angekuwa anazamishwa na mtu na wewe unajua, Kanuni ya Adhabu ina kosa la kuacha kuzuia kosa kubwa lisitendeke na hapo huulizwi kama ni mwanao.

Bi Mkubwa wa Tanga: Na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto kunyimwa haki zake atoe taarifa serikali ya mtaa. Kwa hiyo majirani wanaosikia mtoto analia njaa wakanyamaza nao waisome hiyo.