Naombeni ushauri: kalamu gani nzuri ya kuandikia postikadi?

mpendakadi:
Wakuu habari zenu. Naandika postikadi nyingi na nataka kalamu moja ya kudumu nayo. Kadi zenyewe ni mchanganyiko: nyingine upande wa kuandikia ni karatasi kavu, nyingine zinang'aa pande zote mbili. Kalamu ya jeli yenye ncha ya milimita 0.5 inateleza vizuri, ila kwenye zinazong'aa ukigusa tu imepakaa. Biki inakatakata, herufi moja inatoka na inayofuata haitoki. Mwandiko wangu ni mdogo, na anwani isomeke hata kadi ikilowa. Nichukue ipi, na ncha ya saizi gani?

WinoMkavu:
Mkuu, anza na kadi kwanza, kalamu baadaye. Inamisha upande wa kuandikia kwenye mwanga. Ukirudisha mwanga kama kioo, umepakwa vanishi au plastiki, wino hauna pa kuzama. Usiporudisha, na kidole kikasikia ukavu wa karatasi, unakunywa wino. Kuna na ya katikati, iliyopakwa lakini haing'ai. Hiyo ndiyo inayoponza wengi, maana kwa macho ni karatasi na kwa wino ni plastiki.

Jeli ni wino wa maji uliozidishwa uzito. Inakauka kwa njia mbili: maji yanazama kwenye karatasi, na mengine yanaruka hewani. Kwenye uso uliopakwa njia ya kwanza imezibwa, kwa hiyo mstari ambao daftarini ungekauka kwa sekunde chache hapo unakaa dakika kadhaa ukiwa mbichi. Ncha ikiwa nene ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa inamwaga wino mwingi.

Biki ina shida nyingine kabisa. Wino wake ni wa mafuta, na kile kijipira cha nchani lazima kizunguke ndipo kichote wino ndani na kuuweka nje. Uso ukiwa laini mno kinaburuzika badala ya kuzunguka, ndiyo maana herufi zinakatika. Watu wengi hapo wanakandamiza, na kukandamiza ndiko kunakoharibu: unakwangua ule upako, unga wake unaingia pembeni mwa kijipira na kalamu inagoma hata kwenye karatasi ya kawaida. Ikigoma, chora miduara kwenye karatasi chakavu mpaka wino urudi.

Ukinilazimisha nitaje moja tu, nasema biki ya wino mwepesi wa mafuta, mfano Uni Jetstream ya 0.7. Kwa mwandiko mdogo kwenye kadi kavu, chukua ya 0.5. Ya 0.38 ipo, ila kwenye upako inakwangua. Kwa kadi zinazong'aa kabisa hakuna biki ya kuaminika. Hapo tumia maka ya kudumu yenye ncha nyembamba kama Staedtler Lumocolor S, ambayo mstari wake ni kama milimita 0.4. Wino wa aina hiyo ni wa spiriti na unakauka upesi hata juu ya plastiki. Usiipeleke kwenye kadi kavu, itasambaa na kupenya mpaka kwenye picha.

NchaNyembamba:
Kwa kadi kavu hamjaitaja fainilaina ya pigmenti (kalamu ya ncha nyembamba ya nyuzi), na kwangu hiyo ndiyo namba moja. Wino wa rangi ya kuyeyuka ukipata tone la mvua unayeyuka tena na kukimbia. Pigmenti ni chembe ngumu zinazojishika kwenye nyuzi za karatasi, zikishakauka maji hayazing'oi, na jua halizipaushi upesi.

Sakura Pigma Micron inapatikana sehemu nyingi, ila namba zake zinachanganya. 01 si milimita 0.1, ni 0.25. 03 ni 0.35 na 05 ni 0.45. Ujumbe andika na 03, anwani na 05. Shika kalamu kwa mkono mwepesi, kwa sababu ile ncha ni ya nyuzi iliyochomekwa kwenye kijibomba cha chuma. Ukiikandamiza inarudi ndani na chuma ndicho kinachoanza kuchana kadi.

Kwenye kadi inayong'aa iache. Chembe hazina nyuzi za kushika, zinakaa juu juu, na kadi ikisuguana na nyingine zinatoka.

Tarishi:
Ongeeni na habari ya anwani jamani, ndiyo inayofikisha kadi. Sehemu nyingi anwani inasomwa kwanza na mashine. Mashine inataka wino mweusi au bluu iliyokolea kwenye usuli mweupe. Wino mwekundu, wa dhahabu, wa fedha au jeli za rangi nyepesi weka kwenye ujumbe, anwani hapana. Herufi zisiunganishwe, na jina la nchi liandikwe kwa herufi kubwa mstari wa mwisho.

Chini ya anwani acha wazi kama milimita 15 kwenda ukingoni, hapo ndipo mashine nyingi zinapochapa msimbo pau. Ukijaza maneno, msimbo unapigwa juu yake na vyote viwili havisomeki.

Halafu zile kalamu zinazofutika kwa kusugua, kama Pilot FriXion, msiziguse kabisa kwa kazi hii. Wino wake unapotea kwa joto la kama nyuzi 60, na kusugua kunafanya kazi kwa sababu kunazalisha joto. Gari lililofungwa juani linaweza kufika huko, kadi ikafika nyeupe. Ukiiweka kwenye friza maandishi yanaweza kurudi, lakini posta nani atakufanyia hivyo?

mkono_wa_kushoto:
Kwa tunaotumia kushoto, jeli sahau kwenye kadi yoyote iliyopakwa. Weka kipande cha karatasi safi chini ya kiganja, na usikiburuze: kinyanyue, kisogeze, kiweke tena. Kinasaidia pia wa kulia, kwa sababu mafuta ya kiganja yakigusa kadi, wino unarukaruka palepale.

jeli_daima:
Mnaionea jeli. Uni-ball Signo ya 0.38 ina wino wa pigmenti, na kwenye kadi kavu inatoa mstari mweusi ambao biki haiufikii. Tatizo ni haraka. Ukimaliza, tandaza kadi moja moja maandishi yakiwa juu, nusu saa, usizipange moja juu ya nyingine. Kwa kadi nyeusi, jeli nyeupe (Gelly Roll au Signo nyeupe) haina mpinzani, ila anwani iandike kwenye lebo nyeupe.

mpendakadi:
Asanteni sana wakuu. Sasa nitajaribuje kalamu bila kuharibu kadi? Na kalamu ya nibu, ile ya kujaza wino, je, inafaa?

WinoMkavu:
Jaribia kwenye kona ya stempu, itafunikwa. Kwanza pitisha kitambaa kikavu au raba nyeupe laini kuondoa mafuta. Chora mistari mitatu mifupi kwa nguvu yako ya kawaida na uhesabu sekunde 30. Mstari wa kwanza sugua kwa kidole kikavu. Wa pili sugua kwa kidole kilicholowa kidogo. Wa tatu uache, urudi baada ya dakika 10 na kuusugua kwa nguvu. Ukipakaa huo wa tatu, kalamu hiyo na kadi hiyo haziendani. Pafute pakauke ndipo ubandike stempu.

Unapoandika, kadi iwe juu ya meza ngumu. Ukiweka daftari chini yake, biki inabonyeza karatasi na mistari inatokeza kwa nyuma, kwenye picha.

Nibu ni kwa kadi kavu tu, tena iwe nyembamba. Nibu pana inajaza wino na herufi zinaota ndevu pembeni. Wino wa kawaida wa nibu hauhimili maji, tafuta wa pigmenti. Huo usiuache ukaukie ndani ya kalamu, unaziba njia ya wino. Ukijua huitumii kwa wiki kadhaa, isafishe kwa maji mpaka yatoke meupe.