Madogo wachambuzi wa siasa wakikua wakabadili upande, ni usaliti au ni akili imekuja?

mpitanjia_k:
Wakuu habari zenu. Nimekutana tena na ile klipu ya Jonathan Krohn, dogo wa Georgia kule Marekani, 2009 akiwa na miaka 13 wakampandisha jukwaani kwenye mkutano wa wahafidhina, CPAC, akamwaga nondo watu wazima wanapiga makofi, na kumbuka hapo ameshaandika na kitabu kabisa. Sasa 2012, ana miaka 17, akasema yeye si mhafidhina tena, ndoa za jinsia moja anaziunga mkono, mpango wa bima ya afya wa Obama nao poa tu. Waliompigia makofi wakamgeukia kwa matusi. Swali langu, huyu alitudanganya mwanzo au mwisho?? Na hawa madogo wa siku hizi wenye chaneli zao tuwasikilize kweli au tunapoteza bando?

Binti_Hoja:
Hakudanganya popote mkuu. Mwenyewe alieleza kwamba yale ya utotoni ni mambo aliyokuwa ameyasikia kwa muda mrefu akayaamini, sasa ulitaka mtoto wa miaka 13 ayatoe wapi mengine kama kila anayemzunguka anaongea hivyo hivyo? Baadaye akaanza kusoma falsafa, kina Kant na Nietzsche huko, kichwa kikafunguka. Hillary Clinton mwenyewe 1964 akiwa binti wa shule alimpigia kampeni Goldwater, Republican wa kulia kabisa, na 1968 alishahamia kwa McCarthy wa Democratic. Tofauti ni kwamba wakati ule hapakuwa na YouTube ya kumtunzia ushahidi.

jicho_pevu_la_nyuma:
Dada nakubali nusu. Kuna kubadilika kwa kusoma na kuna kubadilika kwa kufuata upepo. Mcheki CJ Pearson, naye wa Georgia hukohuko (sijui kule wanawalisha nini), 2015 ana miaka 12 anarekodi video ya kumshambulia Obama, inasambaa balaa, mwaka huohuo yuko kwenye kampeni ya Ted Cruz, mhafidhina wa Republican, mwaka haujaisha kahamia kwa Bernie Sanders wa mrengo wa kushoto, halafu baadaye huyo karudi kulia kwa Trump. Sisemi hakuwa mkweli, moyoni kwake siwezi kuingia, ila mimi kipimo changu ni kimoja tu, alipohama alipoteza nini? Krohn alipoteza walewale waliompigia makofi. Mwingine anahama na kila hamo wafuasi wanaongezeka, hapo lazima nikune kichwa.

mpitanjia_k:
Hapo kwenye alipoteza nini umenishika. Ila basi asiyebadilika kabisa ndo mkweli zaidi au?

Binti_Hoja:
Wapi. William Hague wa Uingereza alihutubia mkutano wa chama cha Conservative, wahafidhina wa kule, 1977 akiwa na miaka 16, Thatcher, kiongozi wa chama wakati huo, yupo palepale, akabaki chama hichohicho mpaka akakiongoza 1997 hadi 2001. Huyo hakuna anayemuuliza mbona hukukua, wanasema ana msimamo! Kumbe inawezekana alipima akaona yuko sawa, inawezekana pia hakuwahi kupima, kwa nje huwezi kujua. Na jicho_pevu, kipimo chako kinawaonea, dogo akihamia upande wenye watu wengi kwa sababu ameshawishika kweli utamwita mchumia tumbo bure.

jicho_pevu_la_nyuma:
Sawa kinaweza kumwonea mmoja mmoja, bado nakitumia. Ila lawama kubwa mimi nawapa wanaomkabidhi mtoto maiki. Hawamtaki kwa hoja zake, hoja hizohizo angezisema mtu wa miaka 40 wangesinzia, wanamtaka kwa sababu ni mtoto na anawathibitishia wanachoamini. Ndo maana akihama wanaumia vile.

mpitanjia_k:
Haya, basi naenda kuanfolo wawili watatu, wana miaka 15 na wameshanifundisha uchumi mwaka mzima 😂