Acheni kumweka Hakan Şükür kwenye orodha ya "wachezaji waliofuja pesa"

Wakuu, hii posti inazunguka tena. Picha ya Hakan Şükür, mshambuliaji wa zamani wa Uturuki, na jezi ya nchi yake upande mmoja, upande wa pili gari, na chini wameandika kwamba nyota wa Kombe la Dunia alitapanya mamilioni na sasa anaendesha Uber Marekani. Kisha inafuata mvua ya mawaidha: vijana wekezeni, anasa zinaua, wanawake wanamaliza. Ni uongo mtupu, na kurasa zetu za michezo zinaunakili neno kwa neno.

Şükür hakufilisika kwa kamari, pombe wala starehe. Mali zake zilizuiliwa na serikali ya nchi yake. Anayeandika kwamba alizifuja anamsingizia mtu aliye hai.

Fuateni mtiririko. Alistaafu 2008 akiwa Galatasaray, klabu ya İstanbul, akawa mchambuzi wa televisheni. Juni 2011 akachaguliwa mbunge wa İstanbul kwa tiketi ya AKP, chama cha Recep Tayyip Erdoğan. Walijuana tangu zamani: 1995 Şükür alipooa mara ya kwanza, aliyefungisha ile ndoa ni Erdoğan, wakati huo meya wa İstanbul, na Fethullah Gülen, mhubiri wa Kiislamu mwenye wafuasi wengi, naye alikuwepo. Enzi hizo Erdoğan na Gülen hawakuwa maadui. Walipokuja kugeukana, Şükür akabaki upande wa Gülen bila kuficha. Serikali ikatangaza kuzifunga dershane, vile vituo vya kuwanoa wanafunzi kwa mitihani ya kuingia chuo, ambavyo vingi viliendeshwa na wafuasi wa Gülen. Desemba 2013 Şükür akajitoa AKP, akamalizia kipindi chake kama mbunge asiye na chama.

2015 akahamia Marekani. Mwanzoni mwa 2016 akafunguliwa kesi ya kumtukana Erdoğan, aliyekuwa sasa rais, kupitia Twitter. Julai 15 mwaka huohuo jaribio la mapinduzi likashindwa, serikali ikamtupia Gülen lawama zote, na Agosti ikatoka hati ya kumkamata Şükür kwa tuhuma za uanachama wa kundi la kigaidi. Mali zikazuiliwa na baba yake akawekwa mahabusu. Şükür mwenyewe anakana kuhusika kwa namna yoyote na mapinduzi yale. Alijishughulisha na mgahawa Palo Alto, California, kisha Januari 2020 akaliambia gazeti la Ujerumani, Welt am Sonntag, kwamba anaendesha Uber na kuuza vitabu. Hicho kipande cha mwisho ndicho pekee kilichofika kwenye posti zetu.

Kama unataka kumlaumu kwa siasa zake, mlaumu. Alijifungamanisha na Gülen kwa hiari, na aliingia bungeni kupitia AKP akiwa mtu mzima. Huo ni mjadala halali na wapo Waturuki wengi wasiomwonea huruma hata kidogo. Lakini kuna tofauti kati ya aliyechezea pesa zake na aliyenyang'anywa, na mwandishi wa michezo asiyeiona tofauti hiyo hajui anachokiandika.

Na hata mpira wenyewe wanauharibu. Wengine wanasema bao lake la sekunde 11 kwenye Kombe la Dunia 2002, la haraka kuliko yote, si rekodi tena kwa sababu Benteke wa Ubelgiji alifunga ndani ya sekunde 8 dhidi ya Gibraltar. Benteke alifunga kwenye mechi ya kufuzu, 2016! Gualtieri wa San Marino dhidi ya Uingereza, 1993, nayo ilikuwa ya kufuzu. Kwenye fainali zenyewe za Kombe la Dunia rekodi ni ya Şükür, 29 Juni 2002, mjini Daegu, mechi ya kutafuta mshindi wa tatu, na aliivunja rekodi iliyodumu tangu 1962. Jambo linalolifanya bao lile liwe la ajabu halisemwi kabisa: walioanzisha mpira ni Korea Kusini. Waliurudisha nyuma kwa nahodha wao Hong Myung-bo, beki wa mwisho, akashindwa kuutuliza huku İlhan Mansız akimbana, mpira ukamwangukia Şükür, naye akamfunga kipa Lee Woon-jae kwa mguu wa kushoto. Uturuki walishinda 3-2, na mawili mengine ni ya İlhan.

Msiniambie basi kwamba alikuwa mtu wa bao moja la bahati. Ni kweli kwamba mashindano yale yalimwendea vibaya. Bao lile ndilo pekee alilofunga, na kwenye robo fainali dhidi ya Senegal alitolewa, akaingia İlhan, na İlhan ndiye aliyewatoa Waafrika wenzetu kwa bao la dhahabu, lile la muda wa nyongeza linalomaliza mechi papo hapo, dakika ya 94. Ni kweli pia kwamba nje ya Uturuki hakung'ara: Torino, Inter, Parma, na Blackburn ambako alivunjika mguu mapema. Lakini mabao 51 katika mechi 112 za taifa hayapatikani kwa bahati. Ligi Kuu ya Uturuki alifunga 249, na msimu wa 1996/97 peke yake alifunga 38. Galatasaray walipochukua Kombe la UEFA 2000 mjini Copenhagen mbele ya Arsenal, kwa penalti 4-1 baada ya suluhu, moja ya hizo nne ni yake.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kwao kuna watu wanaofanya juhudi ya makusudi kumfuta. Machi 2017 wanachama wa Galatasaray walipiga kura wakakataa kumfukuza uanachama. Waziri wa michezo akafoka, na siku chache baadaye uongozi ukamfukuza. Kombe la Dunia 2022, Morocco dhidi ya Canada, Ziyech alipofunga dakika ya 4, mtangazaji wa TRT, televisheni ya taifa ya Uturuki, akakumbusha kwamba bao la haraka zaidi ni la Hakan Şükür. Kipindi cha pili akawekwa mtangazaji mwingine, na kibarua kikaota nyasi. Kwa kutaja jina tu.

Sisi hakuna anayetutisha. Wenye hizo kurasa, futeni neno "alifuja", andikeni "mali zake zilizuiliwa na serikali ya Uturuki 2016", na wekeni pale juu mabao 51 ya timu ya taifa kabla ya hiyo picha ya gari. Mkishindwa, iondoeni posti nzima.