MREJESHO: Mke wangu mjamzito aliyekuwa anatoka damu haja kubwa

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kuhusu mke wangu, mimba ya miezi minne, anatoka damu chooni; zahanati walisema ni bawasiri tu.

Ushauri wa matunda na maji mengi tuliufuata. Choo kililainika, damu haikukoma. Kilichosaidia ni ninyi mliosisitiza apimwe kwa kamera, kwamba kile kipimo kifupi cha njia ya haja kubwa hata mjamzito anafanyiwa. Ulikutwa uvimbe, maabara wakathibitisha saratani ya utumbo mpana. Kuangalia kama imesambaa walitumia vipimo vya picha vya ultrasound na MRI, wakaepuka kile cha CT kwa sababu ya mionzi yake.

Alipasuliwa mimba ikiwemo, kisha akaanza kemo (dawa za saratani). Mliouliza kama mjamzito anaweza kupewa kemo: miezi mitatu ya kwanza ikipita, baadhi ya dawa hizo hutolewa kwa uangalizi mkubwa.

Tulitamani mtoto afikishe miezi tisa, haikuwezekana. Kazaliwa njiti, ila anaongezeka uzito. Hanyonyi kwa mama kwa sababu ya kemo, jambo linalomuumiza sana mwenzangu. Ule mfuko wa kukusanyia choo aliowekewa tumboni bado anao.

Dada uliyesema ndugu wa damu wa mke wangu nao wapimwe, Mungu akubariki. Shemeji zangu wameshaanza.