Tupeane uzoefu: nyinyi mnaocheza gemu za majoka na wachawi saa moja tu kwa siku, mnachezaje?

Mtembezi_wa_Rongai

Wakuu, habari za jioni. Nafanya kazi mjini na nyumbani ni Rongai, kwa hivyo siku yangu imegawanyika kati ya matatu na dawati. Nikifika, nikila, watoto wakilala, inabaki saa moja. Hiyo ndiyo saa yangu, na naitumia kwenye gemu za mtandaoni za ulimwengu wa kubuni: unaunda mhusika, mchawi au mpiga upinde, unaingia mahali palipojaa watu wengine kutoka kila pembe, na anakua kidogo kidogo kadiri unavyocheza.

Nimezunguka kwenye gemu kadhaa na siku hizi kipimo changu ni kimoja. Siulizi kwanza gemu inanipa nini nikiwa ndani. Nauliza inanifanyia nini nikiwa nje.

Mfano ni World of Warcraft, iliyotoka mwaka 2004. Ukimlaza mhusika wako kwenye nyumba ya wageni kabla hujatoka, anapumzika. Kila baada ya muda wa saa 8 anawekewa akiba ya asilimia 5 ya leveli, yaani ya ngazi moja ya kukua kwake, mpaka ifike leveli moja na nusu. Ukirudi, mazimwi unayoua yanakupa pointi maradufu hadi akiba iishe. Hapo mwanzo, kabla haijatolewa kwa umma, waundaji walikuwa wamepanga kuwapunguzia pointi waliokaa sana. Waliokuwa wakiijaribu waliichukia. Hesabu ikabaki karibu ileile, ila ikaelezwa upya kama zawadi kwa aliyepumzika. Mimi ninayeingia mara tatu kwa wiki huikuta akiba yangu pale, kama mtu aliyewekewa chakula.

Halafu kuna gemu moja ya simu, jina naliacha, ambayo ilikuwa inavamia kijiji changu nikiwa kwenye mkutano wa kazi. Niliifuta baada ya miezi miwili na usingizi wangu ukarudi.

Karibuni mseme yenu.

Kalamu_na_Daftari

Kaka, umenikumbusha mbali sana. Mimi nilianza mwaka 2007 kwenye saiba moja karibu na Tom Mboya. Dakika ilikuwa shilingi moja. Likizoni mama alikuwa akinipa nauli ya kwenda kwa shangazi Buruburu na kurudi. Nikirudi kwa miguu, zinabaki shilingi thelathini, na thelathini ni dakika thelathini.

RuneScape ilikuwa inafunguka ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote, na ndiyo sababu mwenye saiba hakunifukuza. Nyaya za baharini zilikuwa hazijafika Mombasa. SEACOM na TEAMS zilikuja mwaka 2009. Kabla ya hapo intaneti yetu ilipitia setilaiti, kwa hivyo katika zile dakika thelathini, nne au tano ziliisha nikitazama mstari ukijaa.

Nikanunua daftari. Usiku kabla ya kwenda mjini naandika mpango wote: kesho natoka Port Sarim, bandari ya humo ndani ya gemu, nalipa sarafu 30 za mashua hadi kisiwa cha Karamja, navua kambakoche. Begi lina nafasi 28. Moja ni ya dema, moja ni ya sarafu za nauli ya kurudi, kwa hivyo nikijaliwa ni kambakoche 26. Naandika nitawauza au nitawapika, na nitasimama upande gani wa gati. Shuleni nilikuwa na daftari la hesabu lenye kurasa tupu, lakini la uvuvi lilijaa pande zote mbili. Nikikaa kwenye kiti cha saiba sikuwa na sekunde ya kupoteza. Nilijua mkono unaenda wapi.

Dakika zikiisha skrini inajifunga, umemaliza au hujamaliza. Lakini wiki ikipita nikarudi, nilimkuta mhusika wangu palepale ufukweni na dema lake. Hakuna mtu aliyeniuliza nilikuwa wapi. Kwa mtoto aliyehesabu shilingi, hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko ninavyoweza kulieleza hapa.

Mwezi Februari 2013 walifungua Old School RuneScape, iliyotengenezwa kutoka nakala ya Agosti 2007, yaani gemu ileile ya siku zangu za saiba. Sote tulianza upya, wahusika wa zamani hawakuja. Sikujali. Tarehe 30 Oktoba 2018 ikaingia kwenye simu. Siku hiyo nilikuwa kwenye matatu, tumekwama Roysambu, na nilipouona ule ufukwe wa Karamja kwenye kioo cha simu yangu mwenyewe, bila mtu wa kunihesabia dakika, niliweka simu mapajani kwanza nikatulia.

Leo uvuvi wangu uko leveli 84. Kufika 99 kunahitaji pointi 13,034,431, na nusu ya safari haiko leveli 50 kama mtu angedhani, iko leveli 92. Bado sijafika nusu. Navua nikitoka Kasarani asubuhi na nikirudi jioni.

Nyaya_na_Soketi

Niongezee hapo kwa Kalamu, kwa sababu wengi hapa Nairobi hukata tamaa mapema wakisikia seva, zile kompyuta zinazoendesha gemu, ziko Ulaya. Kwangu mawasiliano ya kwenda London na kurudi huchukua kama milisekunde 160. Kwenye gemu za bunduki hiyo ni shida ya kweli, unapigwa kabla hujamwona mtu. Old School ni tofauti: seva inasoma maagizo kwa mapigo, pigo moja kila sekunde 0.6. Ukibonyeza, agizo lako linangoja pigo linalofuata, hata uwe umekaa jirani na seva. Zile milisekunde 160 zinaingia ndani ya pigo na husikii kitu. Ukitaka kujua kama gemu itakufaa ukiwa huku, uliza kwanza inadai haraka kiasi gani. Kasi ya Wi-Fi uliyolipia inakuja baadaye.

Na bando: gemu yenyewe hula kidogo ukishaisakinisha. Masasisho ndiyo humaliza. Zima yale ya kujipakua yenyewe, pakua ukiwa kwenye Wi-Fi.

Mama_Pacha

Hamjambo. Mimi niko Umoja, nina pacha wa miaka minne, na nacheza Final Fantasy XIV wakishalala. Niko kwenye ile ya majaribio ya bure, ambayo tangu mwaka 2023 inafika leveli 70, na bado sijaimaliza kwa sababu hadithi yake ni ndefu na sikimbii. Nasoma kila neno.

Tatizo langu mimi ni stima. Nimewahi kuingia pangoni na watu watatu nisiowajua, mimi ndiye mponyaji, na mbele ya zimwi la mwisho taa zikazimika mtaa mzima. Nilikaa gizani nikiwaza wale watatu wanakufa wakidhani nimewakimbia. Niliumia kweli. Wiki mbili sikuingia.

Kilichonirudisha ni mpango walioweka mwaka 2022 wa kukuruhusu uingie mapango mengi ya hadithi na wenzako wanaoendeshwa na kompyuta. Wanatembea polepole, wanapigana polepole, lakini stima ikikatika hujamwangusha mtu. Siku nikijua tokeni zipo na hali ya hewa haina mvua, ndipo naingia na watu. Na nikiingia nasema mapema: natoka Nairobi, stima yetu hukatika, nikipotea mniwie radhi. Hadi leo hakuna aliyenijibu vibaya.

Kuhusu swali lako, baba wa Rongai, ndani ya gemu hiyo nyumba zenye kiwanja hubomolewa mwenyewe asipoingia siku 45. Viwanja ni vichache na wanaovitaka ni wengi, kwa hivyo sababu naielewa. Vyumba vya ghorofa havibomolewi. Nikihamia akaunti ya kulipia nitachukua chumba cha ghorofa, hata nikipewa kiwanja.

Mlinda_Gildi

Naomba nitofautiane kidogo, na nasema kwa heshima. Mimi naongoza gildi, yaani kikosi cha wachezaji, ya watu ishirini na kitu, wengi wako Ulaya, mimi niko South B. Kuna raha ambayo saa moja haifiki: kujaribu joka moja wiki tano, kushindwa wiki nne, halafu ile ya tano mnasikia kila mtu anapiga kelele kwenye vipaza sauti. Siwezi kudanganya kwamba nimeipata mahali pengine.

Lakini wenye saa moja ninawataka, na wengi wao ni wachezaji wazuri. Wanaonivunja moyo ni wale wanaoahidi siku tatu kwa wiki ilhali wanajua wana moja. Niambie una Jumatano peke yake, nitakupangia Jumatano. Jambo jingine, sisi huku hatubadilishi saa na wenzetu wa Ulaya hubadilisha, mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba. Kikao cha saa tatu na nusu usiku kwetu wakati wa baridi yao huja saa mbili na nusu wakati wa joto lao. Kila Machi nampoteza mtu mmoja wa huku kwa sababu hiyo tu, anakuta tumeshaanza. Andikeni ukutani.

Ghorofa_ya_Tano

Mimi nina jambo moja fupi. Ukiona gemu inauza sanduku ambalo hujui ndani kuna nini, usiunganishe na M-Pesa. Nilikuwa natoa mia mia. Nilipojumlisha ujumbe wa mwezi mmoja nikakuta 4,300. Kodi yangu ya nyumba huku Pipeline ilichelewa mwezi huo. Sasa nacheza zile za kununua mara moja au za bure kabisa.

Mshika_Mizinga

Ghorofa, pole sana. Kama unataka ya kununua mara moja, nikusimulie Guild Wars 2. Haina ada ya mwezi, na sehemu ya msingi ni bure tangu mwaka 2015. Ilitoka Agosti 2012 na leveli ya juu ilikuwa 80. Mpaka leo ni 80. Nyongeza zote zilizokuja hazijaipandisha. Ukiwa porini, mti ninaokata haukuishii wewe, kila mtu anapata wake, na ukianguka yeyote anayepita anaweza kukuinua. Ndiyo maana watu wake ni wapole: hakuna anachopoteza mtu kwa wewe kuwepo.

Kuna joka linaitwa Tequatl, linatoka majini kwa ratiba inayojulikana, na mojawapo ya nyakati zake ni saa nne usiku kwetu. Mna dakika 15, likibaki hai mmeshindwa. Pale kuna mizinga ya kulipigia joka, na nguvu ya mzinga haitokani na silaha zako. Mimi sina vifaa vya maana, nina kazi ya zamu hospitalini, lakini mizinga naijua. Bila watu wa mizinga joka linajijengea gamba na wale wenye mapanga ya thamani wanagonga bure. Usiku wa kwanza mgeni mmoja aliniandikia asante kwa kukaa mzingani muda wote. Niliingia zamu ya asubuhi nikiwa mwepesi.

Mtembezi_wa_Rongai

Ndugu wa mizinga, nina mhusika huko nilimwacha mwaka 2021, leveli 61, seva ya Ulaya. Nilidhani ameshapitwa na wakati.

Mshika_Mizinga

Hajapitwa. Vaa ulichonacho. Ijumaa sina zamu, fika saa nne kasoro robo Sparkfly Fen, pale joka linapotokea. Jiunge na kundi langu kwanza ndipo uingie, maana ramani hiyo huwa na nakala kadhaa na tunaweza kupotezana.

Mama_Pacha

Mimi ndio naipakua sasa hivi, kwa hivyo Ijumaa hii bado. Mniandikie tu ilivyokwenda.

Mtembezi_wa_Rongai

Sawa. Ijumaa nitapanda matatu ya saa kumi na mbili.