Tupeane uzoefu: ujuzi gani ulikusaidia kuishi na ndugu anayepona ugonjwa mzito wa akili?

Wakuu, habari zenu.

Mdogo wangu ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo na kuamini yasiyo ya kweli. Huu ni mwaka wa saba tangu aanze kusikia sauti, na amelazwa mara nne. Mara tatu za kwanza alirudi nyumbani ana nafuu, haikupita miezi mitano tukamrudisha wodini. Mara ya nne ilikuwa miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo hajalazwa tena. Dawa ni ileile. Tuliobadilika ni sisi tunaoishi naye, ndiyo maana nimefungua uzi huu. Kila aliporuhusiwa tulipewa dawa na tarehe ya kliniki, basi. Namna ya kukaa na mtu aliyetoka kwenye ugonjwa mzito kiasi kile hakuna aliyetufundisha. Tulijifunza kwa kukosea, na mengi ya makosa yetu aliyalipia yeye.

Naanza na kosa langu. Alikuwa akisema majirani wanamteta kupitia ukutani. Mimi nikawa mtu wa ushahidi: naweka sikio ukutani, nagonga, namwambia, "Umesikia? Kimya. Hakuna kitu." Nilidhani namtuliza. Jioni moja nikamshika mkono nikampeleka hadi mlangoni kwa jirani aone kufuli, maana wenyewe walikuwa wamesafiri. Akalitazama lile kufuli, akanitazama mimi, akasema taratibu, "Kumbe na wewe uko nao." Wiki tatu hakuzungumza nami. Na dawa akaacha, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikimpa.

Muuguzi mmoja ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia nisibishane na zile sauti wala nisizikubali. Nishughulike na mtu anayezisikia. Siku aliponiambia wameanza tena, nikamjibu, "Pole, hilo lazima linachosha. Jana ulilala?" Akanyamaza kidogo. "Leo siku ya tatu sijalala." Tunaishi nyumba moja na sikujua! Kesho yake tulikwenda kliniki kwa ajili ya usingizi, na safari hiyo aliitaka mwenyewe.

Baadaye nikasoma habari za Xavier Amador, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye kaka yake alikuwa na ugonjwa huuhuu. Anafundisha hatua nne: msikilize, jiweke kwenye nafasi yake, tafuteni mnalokubaliana, kisha mlifanyie kazi pamoja. Ameeleza pia jambo lililoniondolea hasira: wagonjwa wengi hawakatai kwamba wanaumwa kwa sababu ya ukaidi. Ugonjwa wenyewe umeugusa uwezo wa ubongo wa kujitambua. Wataalamu wanaita hali hiyo anosognosia. Mdogo wangu hadi leo hasemi ana skizofrenia, anasema ana tatizo la usingizi. Sindano yake ya kila mwezi anachoma. Sibishani naye.

Haya, karibuni. Kwenu ni kitu gani kilibadilisha mambo?

Mama Kijana

Asante mleta mada, umenigusa. Kwangu mimi ilikuwa kujifunza kurudi nyuma.

Mwanangu alitoka wodini ana miaka 22, nikamfanya mtoto wa miaka minne. Nilimkata kucha. Daktari akimuuliza swali, najibu mimi. Usiku nilitandika godoro nje ya mlango wa chumba chake nisikie akigeuka. Baba yake naye akashika njia yake: "Amka, acha uvivu, wenzako wako kazini." Tukawa tunagombana sisi wawili, na kijana yuko chumbani anasikia yote.

Kwenye kikundi cha familia tulielezwa kazi ya George Brown, mwanasosholojia aliyefanya utafiti London miaka ya 1950. Alifuatilia wanaume walioruhusiwa kutoka hospitali za akili, akakuta waliorudi kwa wazazi au kwa wake zao walifanya vibaya kuliko waliokwenda kukaa na ndugu zao wa kuzaliwa nao au kwenye vyumba vya kupanga. Ukumbi mzima ulinyamaza. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba kinachomchoma mgonjwa ni lawama, uhasama, na kujiingiza kupita kiasi katika kila kitu chake. Mwezeshaji alisema wazi kwamba familia haisababishi skizofrenia. Nilimwomba arudie, maana hilo nilikuwa nimelibeba moyoni muda mrefu. Ila joto la nyumba linaweza kuurudisha ugonjwa. Lawama zilikuwa za baba yake, na lile godoro mlangoni lilikuwa langu.

Tulianza na maneno. Badala ya "wewe siku zote mchafu", tunasema jambo moja, la leo, fupi: "Hujaoga tangu Jumatatu. Naomba uoge kabla ya jioni." Halafu tunanyamaza. Baba yake alipoelewa kwamba ule "uvivu" nao ni dalili ya ugonjwa, na dalili ngumu kuliko hata sauti, alilia mbele yangu.

Daftari la Usiku

Mimi nasema kuandika. Dada yangu alianza kutembea sebuleni, huku na huko, hawezi kukaa hata dakika mbili, miguu haitulii hata akiwa amekaa. Sote tukasema ugonjwa umerudi, na nusura tuombe dawa iongezwe. Bahati nzuri nilikuwa naandika kila siku: amelala saa ngapi, amekula, amesema nini, dawa imebadilishwa lini. Daktari aliposoma akaona kutotulia kumeanza siku chache baada ya dozi kupandishwa. Yalikuwa madhara ya dawa, yanaitwa akathisia. Akaipunguza, na dada akakaa.

Na wenye ndugu wanaotumia lithiamu, ile dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka, jamani, jueni hili: akiharisha, akitapika au akipungukiwa maji mwilini, dawa inaweza kupanda kwenye damu hadi kuwa sumu. Dawa za maumivu kama ibuprofeni pia huipandisha. Mkimwona mikono inatetemeka sana, anayumba, ulimi mzito, msisubiri tarehe ya kliniki. Mpelekeni siku hiyohiyo.

Nimetoka Huko

Naomba niseme kama mgonjwa, kwa sababu nyuzi za namna hii huwa zinatuzungumzia tu.

Nina baipola, ugonjwa wa akili unaopandisha na kushusha hisia kupita kiasi. Kilichoniumiza kuliko kufungiwa wodini ni kurudi nyumbani nikakuta kila hisia yangu imekuwa dalili. Nikicheka, wanaangaliana. Nikikasirika kwa sababu ya haki kabisa, naulizwa, "Umemeza dawa?" Mtu anayepona anahitaji ruhusa ya kukasirika kama watu wengine.

Kilichonisaidia ni karatasi moja. Nikiwa mzima, nilikaa na shemeji yangu, mtu ninayemwamini, tukaandika: nikianza kulala chini ya saa nne kwa usiku tatu mfululizo, au nikianza kugawa vitu vyangu, huo ni mwanzo. Apigiwe nani. Nipelekwe wapi. Nani asije kabisa kuniona nikiwa katika hali hiyo. Kadi ya benki akae nayo nani. Nimesaini mwenyewe. Mwaka jana aliitoa, akaiweka mezani, hakusema neno. Ni mwandiko wangu, ningebishana na nani? Tulikwenda kliniki, sikulazwa.

Na msiwaambie wagonjwa kwamba ndiyo basi tena. Mwaka 1987 Courtenay Harding na wenzake walitoa matokeo ya watu waliokuwa wamekaa miaka katika wodi za wagonjwa wa muda mrefu za hospitali ya Vermont, Marekani, ambao kila mtu alishawakatia tamaa. Walifuatiliwa kwa wastani wa miaka 32. Kati ya nusu na theluthi mbili walikuwa wamepona au wamepata nafuu kubwa. Mimi niliambiwa nisiote kazi. Niko kazini.

Msindikizaji

Nafanya kazi ya kuwasaidia waliotoka hospitali. Mtego wetu mkubwa ni kufanya mambo kwa niaba yao, kwa kuwa ni haraka zaidi. Nilikuwa na kijana anayeogopa basi. Wiki ya kwanza tulikaa kiti kimoja. Wiki ya pili nilikaa viti vitatu nyuma yake. Wiki ya tatu nilimsubiri kituo anachoshukia. Wiki ya nne nilikaa na simu mkononi, na akanipigia kuniambia amefika. Ningempeleka kwa gari ingekuwa dakika ishirini, na hadi leo ningekuwa nampeleka.

Hata kwenye ajira, msisubiri apone kabisa ndipo atafute. Njia iliyoonyesha matokeo mazuri ni kumwingiza kwenye kazi halisi anayoitaka mwenyewe, kisha kumshika mkono akiwa humo.

Kaka wa Pili

Ujuzi wangu ni swali moja, na nilichelewa kulijifunza. "Je, unawaza kujiua?" Niliogopa nitampandikizia ndugu yangu wazo. Sivyo. Kuuliza wazi hakupandikizi kitu, humpa nafasi ya kusema. Nilimuuliza tukiwa tunaosha vyombo, macho kwenye maji. Akajibu, "Ndiyo, tangu nitoke." Wiki za kwanza baada ya kuruhusiwa ndizo za hatari kubwa, na sisi tulikuwa tunasherehekea. Dawa zote tukazihifadhi mahali pengine, tukampigia daktari wake, na hakubaki peke yake usiku ule. Yuko hai.

Mgeni Humu

Samahani, na mgonjwa akiwa mkali je? Mama yangu anaogopa.

Msindikizaji

Pole kwake. Wengi wao si watu wa fujo, lakini ikitokea: sauti ya chini, maneno machache, mtu mmoja tu azungumze. Usimzunguke, usimguse, usisimame kati yake na mlango. Mara nyingi anaogopa kuliko nyinyi. Mama yako akihisi hatari aondoke kwanza, ndipo aite msaada. Kuondoka si kumtupa mtoto.

Mleta mada

Nimesoma zote, nyingine mara mbili. Kaka wa Pili, shikamoo kwa ujasiri ule. Mama Kijana, naomba nikuulize. Siku ulipoliondoa lile godoro, usiku wa kwanza ulikuwaje?

Mama Kijana

Sikulala, baba. Nilikaa kitandani kwangu nimeshika ukingo wa godoro kwa mikono miwili. Saa tisa usiku nikasikia anafungua mlango, anakwenda jikoni, anakunywa maji. Nikataka kutoka. Mume wangu akanishika mkono. Tukasikia anaiosha ile glasi, anaiweka, anazima taa, anarudi chumbani kwake. Glasi alikuwa hajawahi kuiosha tangu arudi, maana ilikuwa haijafika kwenye sinki kabla mimi sijaichukua.